Kutoka Siwindhe hadi Televisheni: Historia ya Hadhira ya Watoto katika Kisumu na Mwambao wa Ziwa

Utangulizi

Ni desturi ya wachunguzi wa utangazaji kuipima hadhira kwa idadi ya vyombo. Sensa ya mwaka 2019, kwa mfano, ilionyesha kwamba katika kila kaya 100 za Kenya, kaya 57 hivi zilikuwa na redio na kaya 41 hivi zilikuwa na televisheni inayofanya kazi. Hesabu za namna hii zina faida yake, lakini hazielezi jambo moja lililo muhimu sana, nalo ni uaminifu wa hadhira. Mtu anaweza kuwa na chombo nyumbani asikijali. Mwingine anaweza kukikosa, na hata hivyo akatembea jioni mpaka kwa jirani ili asikose kipindi anachokipenda. Kwa watoto jambo hili ni dhahiri zaidi, kwa kuwa mtoto hanunui chombo wala halipi ada. Anachotoa ni muda wake na moyo wake, na akishautoa moyo huo haurudishi upesi.

Jambo hili si la wafanyabiashara wa matangazo peke yao. Linawahusu pia wanaoshughulika na lugha, kwa sababu mtoto anapojifunga na kipindi hujifunga vilevile na lugha ya kipindi hicho. Misemo anayoirudia mchezoni, majina anayowapa wenzake kwa utani na namna anavyoanza na kumaliza masimulizi yake hutoka huko. Mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya unafaa sana kwa uchunguzi wa aina hii. Hapo Dholuo ndiyo lugha ya nyumbani ya walio wengi, Kiswahili kimekuwa lugha ya bandari, reli na soko tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na Kiingereza ni lugha ya shule. Chombo chochote kilichotaka kuwapata watoto wa mahali hapa kililazimika kuchagua kimojawapo, na kila uchaguzi ulikuwa na gharama yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba uaminifu wa hadhira ya watoto haukuletwa na televisheni. Ulikuwapo kabla yake, na ulijengwa juu ya nguzo nne: saa isiyobadilika, sauti inayojulikana, wahusika wanaorudi, na nafasi ya mtoto kujibu. Chombo kilichozishika nguzo hizo kiliwapata watoto, na kilichozipuuza kiliwapoteza, hata kama kilikuwa cha kisasa namna gani.

Siwindhe na mlezi wake

Miongoni mwa Wajaluo wa zamani, watoto walikuwa na mahali pao pa kukusanyika baada ya chakula cha usiku. Mahali hapo ni siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyekwisha kupita umri wa kuzaa. Wasichana walilala humo, na wavulana walifika kusikiliza kabla ya kwenda kulala kwao. Humo walifundishwa ngano, vitendawili, methali, nyimbo, habari za koo na adabu za kukaa na watu.

D. W. Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka mwaka 1989, wamemweleza mlezi huyo, aitwaye pim, kwa namna inayostahili kuangaliwa na mwanahistoria wa utangazaji. Mara nyingi pim hakuwa mtu wa ukoo ule aliokuwa akiulea. Alitoka nje, akaja na maarifa ya mbali, na kwa njia yake mtoto aliyekuwa hajavuka mto wa kwao alipata kuijua dunia pana kuliko boma la baba yake. Kwa hiyo, mgeni mwenye sauti tamu anayewalea watoto wa watu kwa masimulizi si jambo lililoanzishwa na sanduku la picha. Jamii ya mwambao ilikuwa na mgeni wa namna hiyo tangu zamani, tena ilimpa nyumba.

Nguzo zote nne zilikuwa zimesimama katika siwindhe. Saa ilikuwa ile ile: usiku, kazi zikiisha. Ilikuwa ni mwiko katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kutamba ngano mchana, na mwiko huo, pamoja na mengine, ulilinda hamu ya wasikilizaji. Sauti ilikuwa ya mtu mmoja aliyejulikana. Wahusika walikuwa wale wale: Apwoyo, yaani Sungura, mwenye hila, Fisi mlafi na mjinga, na Apul-Apul, zimwi lisiloshiba. Mtoto hakuhitaji kuelezwa upya Fisi ni nani. Alimjua, naye alifika kuona safari hii ataaibika vipi. Hatimaye, mtoto alikuwa na la kujibu. Alifumbua kitendawili, aliitikia wimbo wa ngano, na zamu yake ikifika alisimulia yeye mwenyewe. Ngano ilifungwa kwa neno linalojulikana na kila mtu, “Thu tinda”, nalo lilikuwa kama ahadi kwamba kesho ipo nyingine. Mwandishi Asenath Bole Odaga alilichukua neno hilo kuwa jina la mkusanyo wake wa hadithi uliotolewa mwaka 1980.

Shule za misheni, kazi za mshahara na kuhama kwa wazazi kwenda mijini viliidhoofisha siwindhe. Hata hivyo mazoea ya kusikiliza hayakufa pamoja na nyumba hiyo. Kizazi kilichozoezwa na pim, au na nyanya aliyeshika nafasi yake, ndicho kilichoketi baadaye mbele ya redio.

Redio ya Ziwa

Katika miaka ya 1950 Idara ya Utangazaji ya Kenya ilifungua vituo vya majimbo: Sauti ya Mvita huko Mombasa, kituo cha Mlima Kenya huko Nyeri, na kituo cha Ziwa mjini Kisumu. Shirika jipya la utangazaji lilichukua madaraka mwaka 1961, na tarehe 1 Julai 1964 serikali ya Kenya huru ililifanya kuwa idara yake kwa jina la Sauti ya Kenya. Kisumu iliendelea kuwa kituo cha matangazo ya Dholuo na ya lugha nyingine za Magharibi.

Umuhimu wa kituo hiki ni kwamba sauti iliyosikika ilikuwa ya mtu wa karibu, na lugha ilikuwa ya nyumbani. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alipata kuwa mtangazaji wa BBC mjini London na mtayarishaji wa kipindi cha Dholuo kilichojulikana sana. Mtu huyo huyo aliyekua akisikiliza masimulizi ya bibi yake ndiye aliyeandika hadithi fupi na riwaya zilizojaa visasili vya Ziwa, na mwaka 1983 akatoa riwaya ya Dholuo, Miaha. Katika maisha yake yaonekana wazi kwamba fasihi simulizi, redio na kitabu havikuwa vyumba vitatu vilivyofungwa. Mlango mmoja uliingia katika mwingine.

Kwa upande wa Kiswahili, mtoto wa mwambao alikuwa na hazina mbili. Ya kwanza ni idhaa ya taifa kutoka Nairobi, ambayo tangu mwaka 1966 ilikuwa na kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, Je, Huu ni Ungwana? Kipindi hicho hakikutungwa kwa ajili ya watoto, lakini kilikuwa na sauti isiyobadilika, swali lile lile kila mara, na nafasi ya msikilizaji kutoa hukumu yake kabla ya kipindi kwisha. Hazina ya pili ilitoka ng'ambo ya mpaka. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha watoto, Mama na Mwana, kilichojulikana kwa sauti ya Debora Mwenda. Muundo wake ulikuwa ule ule wa kale: mama mmoja, watoto wanaomzunguka, na hadithi. Jina lenyewe la kipindi lilitangaza uhusiano huo hata kabla hadithi haijaanza.

Televisheni kutoka Nairobi

Televisheni ilianza kutangazwa nchini Kenya mwaka 1962. Katika Kisumu wenye vyombo walikuwa wachache: wafanyabiashara, maofisa wa serikali na watu wa vilabu. Vijijini, pande za Asembo, Kendu Bay na Usenge, umeme haukuwapo, na hata miaka mingi baadaye televisheni ya kijijini iliwashwa kwa betri ya gari iliyopelekwa sokoni kutiwa moto. Kwa watoto wengi picha zinazotembea zilikuwa zile za gari la sinema la serikali au la kampuni, lililofika, likatundika kitambaa uwanjani, kisha likaondoka bila ahadi ya siku ya kurudi.

Uhaba wa vyombo haukuwa kizuizi pekee. Sauti ya Kenya ilitangaza televisheni kwa saa chache za jioni, na sehemu kubwa ya vipindi vyake iliagizwa kutoka Uingereza na Marekani, kwa kuwa kununua filamu iliyokwisha kutengenezwa kulikuwa rahisi kuliko kutengeneza mpya. Vikaragosi vya kigeni viliwachekesha watoto, hilo halina shaka. Lakini mchezo ulioagizwa ulikuja kwa mafungu, ukaisha fungu lilipoisha, na mahali pake pakatiwa mwingine. Saa ilibadilika, wahusika walipotea, na hakuna aliyemwuliza mtoto neno. Nguzo moja tu, ile ya kupendeza macho, haiwezi kubeba nyumba nzima.

Inafaa kulinganisha na yaliyokuwa yakifanyika kwingine wakati huo huo. Nchini Uingereza, BBC ilianzisha Blue Peter mwaka 1958, na mwaka 1963 ikaanza kutoa beji kwa watoto walioandika barua au kupeleka kazi za mikono yao. Beji ilikuwa kitu kidogo, lakini ilimgeuza mtazamaji kuwa mwanachama. Nchini Marekani, Joan Ganz Cooney na wenzake walianzisha Sesame Street mwezi Novemba 1969. Mtafiti wao, Edward Palmer, alimweka mtoto mbele ya kipindi, na kando yake akaweka kiwambo kilichobadilisha picha kila baada ya sekunde saba na nusu. Mtoto alipogeuza macho kutazama kiwambo, watengenezaji walijua kwamba sehemu ile ya kipindi haina nguvu, wakaitengeneza upya.

Pim hakuhitaji chombo cha Palmer. Aliona mwenyewe ni nani anayesinzia, akapandisha sauti, akaanzisha wimbo au akatega kitendawili. Utafiti wa New York ulikuwa njia ya gharama kubwa ya kumrudishia mtangazaji jicho ambalo mtambaji hakuwa amelipoteza kamwe. Sauti ya Kenya haikuwa na jicho hilo, wala haikuwa na fedha za kulinunua.

Watoto katika vichekesho vya wakubwa

Historia ya hadhira ina tabia ya kupita njia zisizopangwa. Watoto ambao hawakutengenezewa kipindi kinachowafaa walijitwalia vya watu wazima. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, Sauti ya Kenya ilijipatia watazamaji wengi kwa michezo ya kuchekesha ya Kiswahili, na miongoni mwa iliyodumu zaidi ni Vioja Mahakamani na Vitimbi. Kizazi kizima cha watoto wa Kenya, wa mwambao wakiwamo, kilikua na michezo hiyo.

Ukiichunguza kwa makini, sababu inaonekana. Vioja Mahakamani ilikuwa na mahali pamoja, mahakama. Kila mara kulikuwa na mshtakiwa, mwendesha mashtaka na hakimu. Na kila kesi iliishia kwa hukumu. Mtoto aliyeketi sebuleni aliweza kutoa hukumu yake kabla ya hakimu, kama vile zamani alivyoweza kufumbua kitendawili kabla ya mwenzake. Mmoja wa wahusika wa mchezo huo aliitwa Otoyo. Kwa Mswahili wa pwani hilo ni jina tu. Kwa mtoto wa Kisumu ni mojawapo ya majina ya Fisi, yule yule mlafi wa siwindhe, ambaye safari hii amefikishwa kizimbani.

Katika Vitimbi, mhusika mkuu alikuwa Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, pamoja na Mama Kayai aliyeigizwa na Mary Khavere. Wanjau hakuwa Mjaluo kwa kuzaliwa, lakini Kiswahili cha Ojwang' kilikuwa na lafudhi ya Dholuo. Hapa pana jambo lenye uzito kwa mwanaisimu. Mtoto wa mwambao alisikia katika televisheni ya taifa Kiswahili kinachofanana na cha baba yake, naye alifurahi kukisikia. Lakini alikisikia kinywani mwa mtu anayechekwa. Heshima na dhihaka zilikuja pamoja, na ni vigumu kuzitenga. Yawezekana kusema kwamba Ojwang' aliwafundisha watoto wengi kwamba Kiswahili ni chao pia. Yawezekana vilevile kusema kwamba aliwafundisha kuionea haya lafudhi yao. Kauli zote mbili zina ukweli, na uchunguzi wa lafudhi katika utangazaji wa Kenya hauna budi kuzishika kwa pamoja.

Wakati wenyewe ulisaidia. Mwaka 1974 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa na kikaingia Bungeni, na mfumo mpya wa elimu ulioanza mwaka 1985 ulikifanya kuwa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi na za sekondari. Mtoto wa Kisumu aliyekuwa akicheka na Ojwang' jioni alikutana na lugha hiyo hiyo darasani asubuhi. Mwalimu alisahihisha sarufi yake, lakini hamu ya lugha alikuwa amekwisha kuipata kwingine.

Kurudi kwa mtambaji

Shirika la Utangazaji la Kenya lilirudishiwa jina lake mwaka 1989, na mwaka 1990 KTN ikawa televisheni ya kwanza ya watu binafsi nchini. Ushindani uliongeza saa za vipindi vya watoto, lakini kwa sehemu kubwa uliongeza vikaragosi vya kuagizwa. Mabadiliko ya maana zaidi yalikuja katika karne hii, na kwa mara nyingine tena yalitoka ng'ambo ya mpaka.

Mwezi Januari 2014 kipindi cha Ubongo Kids kilianza kuonyeshwa nchini Tanzania kwa Kiswahili. Kilifundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo, na katikati ya hadithi kiliuliza swali ambalo mtoto aliweza kulijibu kwa ujumbe wa simu, akarudishiwa majibu. Baada ya miaka hamsini ya televisheni Afrika Mashariki, mtoto alikuwa amerudishiwa zamu yake ya kujibu. Watengenezaji hao hao walitoa kipindi cha watoto wadogo zaidi, Akili and Me, chenye msichana wa miaka minne aitwaye Akili na wanyama rafiki zake. Vipindi hivyo vilivuka mpaka vikapata watazamaji Kenya.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 Kenya ilihama kutoka mitambo ya zamani kwenda mitambo ya kidijitali, na hilo liliwezesha masafa yale yale kubeba vituo vingi zaidi. Katika hali hiyo, tarehe 31 Machi 2020 kilifunguliwa kituo cha Akili Kids!, ambacho ni cha watoto peke yao na hakidai malipo. Wiki mbili hivi kabla ya hapo, serikali ilikuwa imefunga shule zote kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mamilioni ya watoto walikuwa nyumbani bila kengele ya shule, na saa ya kipindi ikawa ndiyo kengele yao. Kipindi kinachofika saa ile ile siku ambayo mambo mengine yote yamevurugika hakiwezi kusahauliwa na mtoto.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba hadhira ya watoto haifugwi kwa rangi na mwendo wa picha. Hujengwa kwa maagano. Anayesimulia huahidi kwamba atafika saa fulani, kwa sauti fulani, akiwa na wahusika fulani, na kwamba atamwachia mtoto nafasi. Mtoto naye huahidi kwamba atakuwapo. Maagano haya yalifungwa kwanza katika siwindhe, yakahifadhiwa na redio, yakavunjwa na televisheni ya vipindi vya kuagizwa, yakafungwa upya bila kukusudiwa na vichekesho vya Kiswahili, na sasa yanafungwa kwa makusudi na watengenezaji wa Afrika Mashariki.

Lakini katika safari hiyo kuna abiria aliyeachwa gatini. Kiswahili kimepata sana. Kimepata watoto wa Ziwa ambao shule peke yake isingeweza kuwapata, na hilo ni jambo la kushukuriwa na kila mpenzi wa lugha hii. Kiingereza kimedumu. Dholuo imebaki na redio, ambazo tangu utangazaji ulipofunguliwa zimekuwa nyingi na zenye wasikilizaji wengi. Hata hivyo saa zake nyingi ni za siasa, muziki na matanga. Asenath Bole Odaga aliliona pengo hili mapema. Mwaka 1982 alianzisha kampuni ya uchapishaji mjini Kisumu, akatoa vitabu vya watoto kwa Kiingereza na kwa Dholuo mpaka alipofariki mwaka 2014. Aliifanya kazi hiyo kwa karatasi, wakati watoto walikuwa wakielekea kwenye kioo.

Basi swali linalowakabili wanaoshughulika na lugha katika vyuo si kama televisheni itawalea watoto, kwa maana inawalea tayari. Pim wa zamani alikuwa mgeni, lakini alijifunza lugha ya nyumba aliyoingia kabla ya kuanza kusimulia. Mgeni wa leo amejifunza Kiswahili, naye amefanya vema. Kumfundisha pia Dholuo, Kisuba, Kigusii na Kiluhya ni kazi ya watunzi, watafsiri na wakusanyaji wa fasihi simulizi. Ngano zipo katika mikusanyo, kuanzia ile ya B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe ya mwaka 1974, na wazee wanaozijua bado wapo Asembo, Uyoma na Rusinga, ingawa idadi yao hupungua kila mwaka. Wakiondoka kabla ya sauti zao kurekodiwa, mtoto wa mwambao atakuwa na wahusika wengi wa kuwapenda, lakini hatakuwa na hata mmoja anayezungumza naye kwa lugha ya bibi yake.